Adui Muombee Njaa? Kuisoma Upya "Waajemi" ya Aeschylus

Nianze kwa kukiri. Nilipokuwa mwanafunzi niliandika insha ndefu kuhusu tamthilia ya Waajemi ya Aeschylus, nikapata alama nzuri, na tamthilia yenyewe nilikuwa sijaimaliza. Nilisoma kurasa za mwanzo, nikasoma alichosema Edward Said juu yake katika Orientalism, nikaona nimeshaelewa yote. Mgiriki aliyeshinda vita anamchukua Mwajemi, anamvisha mavazi ya fahari, anamliza jukwaani kama mtoto mchanga, na watazamaji wa Athens wanarudi nyumbani wameridhika. Nikaandika hivyo. Mwalimu akafurahi, na mimi nikafurahi.

Juzijuzi kikundi chetu cha usomaji kikaichagua tamthilia hiyohiyo. Safari hii niliisoma mpaka mwisho, mara mbili. Insha yangu ya zamani ningeipata leo ningeichana. Sisemi kwamba nilidanganya. Said alikuwa na hoja, nitairudia. Lakini kuna mambo mawili makubwa katika kazi hii ambayo sikuyaona kabisa, na yote mawili ni orodha: orodha ya watu na orodha ya visiwa. Nataka kuzungumzia hizo mbili, maana nadhani ubora wa Waajemi, na uchungu wake, umo humo.

Kwanza tupange tarehe, kwa sababu hapa tarehe ni nusu ya kisa. Mwaka 490 KK Mfalme Darius wa Uajemi alituma jeshi kuiadhibu Athens, likashindwa Marathon. Miaka 10 baadaye mwanawe Xerxes akaja mwenyewe, kwa nchi kavu na kwa bahari. Akauteka mji wa Athens, ambao watu wake wengi walikuwa wameshahama, akauchoma pamoja na mahekalu yake. Kisha merikebu zake zikaingia katika mlangobahari mwembamba wa Salamis, zikavunjwavunjwa. Mwaka 479 KK jeshi alilobakiza nchi kavu likamalizwa Plataea. Na mwaka 472 KK, miaka minane tu baada ya Salamis, Aeschylus akaleta tamthilia hii katika tamasha la Dionysus, hapohapo Athens, katika mji uliochomwa. Akashinda zawadi ya kwanza. Ndiyo tanzia pekee ya Kigiriki iliyotufikia nzima ambayo inahusu tukio ambalo watazamaji wenyewe walilishuhudia.

Na mtunzi naye hakusimuliwa vita. Alipigana Marathon. Inasemekana na Salamis alikuwapo. Herodotus anaeleza kwamba Cynegeirus, ndugu yake Aeschylus, alishika tezi ya merikebu ya Waajemi pale ufukweni Marathon ili isitoroke, akakatwa mkono kwa shoka, akafa. Ukiliweka hilo kichwani, soma sasa alichokiandika huyu ndugu aliyebaki.

Mahali ni Susa, makao ya mfalme wa Uajemi. Wazee walioachwa kuitunza nchi wanasubiri habari za vita. Mama wa mfalme anaingia, ameota ndoto mbaya. Mjumbe anafika, anasema jeshi lote limeangamia. Wanauita mzimu wa Darius kutoka kaburini, unapanda, unasema yake, unashuka. Mwishoni Xerxes mwenyewe anarudi, nguo zimechanika, podo lake halina mishale. Wanalia pamoja, wanaondoka. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna hila, hakuna anayeuawa mbele yetu. Ni watu wanaosubiri habari, habari inafika, wanaweka matanga. Yeyote aliyewahi kukesha akisubiri simu kutoka hospitali anaijua hali hiyo.

Tena, hakuna Mgiriki hata mmoja jukwaani. Hebu lifikirie hilo sisi tuliolelewa na tenzi za vita. Katika Utendi wa Tambuka, alioutunga Bwana Mwengo huko Pate mwaka 1728, mfalme Herekali wa Rumi yumo, lakini msimulizi yuko na jeshi la Waislamu na sisi wasomaji tuko naye. Ndivyo hadithi za vita zinavyoimbwa mahali pengi: unasimama kwako, adui unamtazama ng'ambo. Aeschylus kawachukua watu wa Athens wote, kawahamishia ng'ambo, kawakalisha kwenye msiba wa adui na kuwaambia wabaki humo mpaka mwisho.

Kuna kisa kimoja kinachoonyesha jambo hili lilikuwa zito kiasi gani. Miaka kama 20 kabla ya Waajemi, mtunzi mwingine, Phrynichus, aliandika tamthilia kuhusu kutekwa kwa Miletus, mji wa Wagiriki wenzao ng'ambo ya bahari uliovunjwa na Waajemi mwaka 494 KK. Ukumbi mzima ulilia. Athens ikamtoza faini ya drakma 1,000 kwa kuwakumbusha misiba yao wenyewe, ikapiga marufuku tamthilia hiyo isichezwe tena. Kwa hiyo mtunzi aliyewaliza kwa msiba wa ndugu zao alitozwa faini, na aliyewaletea msiba wa adui alipewa zawadi. Nilipolisema hili kwenye kikundi, rafiki yangu mmoja akaruka: "Umeona? Msiba wa adui ni burudani!" Inawezekana. Lakini pia inawezekana kwamba msiba wa mwingine ndiyo njia pekee waliyoruhusiwa kulilia wao wenyewe. Mji wao ulikuwa umechomwa. Wafu wao walikuwapo. Katika tamthilia hii wafu hao hawatajwi hata kidogo.

Orodha ya kwanza: watu

Hotuba za mjumbe ndizo moyo wa kazi hii. Anaeleza hesabu: Wagiriki merikebu 300 na 10 za ziada, Xerxes merikebu 1,000, na 207 za mwendo wa kasi. Anaeleza jinsi wingi huo ulivyogeuka kuwa balaa mahali pembamba, merikebu zikagongana zenyewe kwa zenyewe, makasia yakavunjika. Halafu inakuja picha ambayo imenikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Wagiriki wanawapiga watu walio majini kwa vipande vya makasia na mbao zilizovunjika, kama wavuvi wanavyowapiga jodari waliowazingira kwa nyavu. Kilio kinatanda juu ya bahari mpaka giza linaingia.

Rafiki yangu alisema: kuwaita watu samaki, huko si kuwadhalilisha? Nikamjibu kwamba tuangalie nani anayesema. Anayesema ni Mwajemi aliyenusurika. Haelezi wao walivyo, anaeleza walivyotendewa. Wahenga walishatuambia, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Pale ukumbini walikuwamo wanaume walioyashika yale makasia yaliyovunjika kwa mikono yao. Huenda kwa miaka minane walikuwa wakisimuliana habari ile kwa kicheko. Sasa wanaisikia kutoka kwa mtu aliyekuwa majini.

Kisha mjumbe anataja majina. Artembares, aliyeongoza wapanda farasi elfu 10, anagongwagongwa kwenye mawe ya pwani. Dadakes aliruka kutoka merikebuni kwa pigo la mkuki. Tenagon wa Bactria anaelea kuzunguka kisiwa. Matallos wa Chrysa, ndevu zake nene nyekundu zimebadilika rangi kwa damu. Jina baada ya jina, cheo, mahali alikotoka, namna alivyokufa. Wataalamu wa lugha wamechambua majina hayo: mengine yanafanana na ya Kiajemi ya kweli, mengine yanaonekana kuchongwa na mtunzi. Upande wa pili hakuna Mgiriki hata mmoja wa vita hivyo anayetajwa kwa jina. Themistocles aliyepanga hila ya Salamis hatajwi. Aristides aliyeongoza mauaji katika kisiwa kidogo cha Psyttaleia hatajwi. Ushindi hauna mwenyewe, lakini kifo kina jina la mtu. Ukumbuke kwamba huu ni mji uliokuwa umeshaanza kugombana juu ya nani hasa aliyeuokoa. Aeschylus kawanyima wote.

Hapa lakini lazima nimkosoe pia. Hila ya Salamis, kwa mujibu wa Herodotus, ilipelekwa na Sicinnus, mtumwa wa nyumbani kwa Themistocles aliyekuwa mlezi wa watoto wake. Aliingia katika kambi ya Waajemi usiku, akawaambia Wagiriki wanataka kutoroka, Waajemi wakaingia mtegoni. Plutarch, aliyeandika karne nyingi baadaye, anasema Sicinnus alikuwa Mwajemi kwa asili, mateka wa vita. Ikiwa ni kweli, basi aliyebeba ujumbe uliowamaliza Waajemi alikuwa Mwajemi aliyelea watoto wa Mgiriki. Tamthilia gani ingetoka hapo! Aeschylus anasema tu kwamba alikuja "mtu Mgiriki" kutoka jeshi la Athens. Mtumwa akageuzwa raia, akapita. Kwa hiyo na ukarimu wa mtunzi una mpaka: anawapa majina makamanda wa adui, lakini mtumwa wa mwenzake hampi.

Mwisho wa hotuba ni njaa. Jeshi linalorudi nyumbani linakufa kwa kiu na njaa katika nchi za Boeotia na Thessaly, na wengine wanazama katika mto Strymon, ambao uliganda kabla ya majira yake na kuyeyuka jua lilipochomoza. Herodotus, aliyeieleza njia hiyohiyo kwa urefu, hana barafu. Yeye ana askari wanaokula nyasi, majani na magome ya miti, na wanaokufa kwa kuhara. Nadhani barafu ni ya mtunzi, njaa ni ya kweli. Baadaye mzimu wa Darius unasema nchi ya Wagiriki yenyewe inawapigania watu wake, kwa kuwaua kwa njaa wanaokuja wengi mno. Sisi tuna msemo tunautoa kwa mzaha, adui yako muombee njaa. Hapa dua imejibiwa, na mtunzi anatupeleka kuangalia ilivyojibiwa.

Mzimu wenye uongo

Tukubaliane na Said sasa, maana hakukosea kote. Darius wa tamthilia hii ni uongo mtupu. Anapanda kutoka kaburini kama baba mwenye hekima, anashangaa kusikia mwanawe alijenga daraja juu ya bahari ya Hellespont, anasema ni pepo gani lililomwingia kijana huyu. Wakati Darius wa kweli alijenga daraja lake mwenyewe juu ya Bosporus, mnamo 513 KK, akavuka kwenda kuwapiga Waskithi! Tena ndiye aliyelituma jeshi la Marathon, lile lililomuua Cynegeirus. Hata kaburi halipo Susa. Darius alizikwa kwenye mwamba wa Naqsh-e Rustam, karibu na Persepolis, mbali kabisa.

Je, Aeschylus hakujua? Alijua bwana. Mapema tu katika tamthilia hiyohiyo wazee wanamwambia malkia kwamba Athens iliwahi kuangamiza jeshi kubwa la Darius, na baadaye malkia mwenyewe anaitaja Marathon. Ukweli ameuacha pembeni, mwenye macho auone. Alichotaka ni baba mwema na mwana mjeuri, ili anguko liwe na sababu moja iliyo rahisi kushikika. Ni dawa tamu hiyo, na sisi tumeinywa mara nyingi: mzee aliyetangulia alikuwa mtakatifu, huyu wa sasa ndiye aliyeharibu. Kama sanaa, inafanya kazi. Kama siasa, inaudhi, kwa sababu inaficha kwamba Xerxes hakubuni chochote. Alirithi kazi.

Na picha ya jamii ya Waajemi pia ni ya upande mmoja. Malkia anauliza, hawa Waathene mchungaji wao ni nani, bwana wao ni nani? Anajibiwa kwamba hawaitwi watumwa wala raia wa mtu yeyote. Nina hakika ukumbi ulipiga makofi hapo. Lakini mistari michache kabla ya hapo wazee wanasema utajiri wa Athens ni chemchemi ya fedha ardhini. Hiyo ni migodi ya Laurium. Fedha ya mgodi mpya uliopatikana huko ndiyo iliyojenga merikebu 200 za Athens miaka michache kabla ya Salamis, na migodi ile ilichimbwa na watumwa. Watu wasio na bwana walinunua merikebu kwa jasho la watu wenye bwana. Tamthilia inaviweka vitu hivyo viwili karibukaribu, na haisemi lolote.

Kwa upande wa Uajemi, sisi leo tuna maneno yao wenyewe. Darius aliacha maandishi Susa yanayoeleza nani walijenga kasri lake: waliofyatua matofali ni Wababeli, wafua dhahabu ni Wamedi na Wamisri, mafundi wa mawe ni watu wa Sardis na wa Ionia. Yaani Wagiriki wa Ionia walichonga mawe ya mji ambao tamthilia hii inauweka mbele yetu kama ugenini kabisa. Na mabamba ya udongo yaliyochimbuliwa Persepolis mwaka 1933 na 1934, ya zamani za Darius, yana hesabu za posho: nafaka, divai, bia, kwa wanaume na kwa wanawake, na nyongeza kwa mama aliyejifungua (zaidi akizaa mtoto wa kiume, nakwambia dunia ni ileile). Dola ile ilikuwa na makarani wengi kuliko vilio. Haya Aeschylus asingeweza kuyasoma, simlaumu. Namlaumu kwa Waionia. Herodotus anahesabu merikebu 100 za Waionia upande wa Xerxes, na anamtaja Artemisia, malkia wa Halicarnassus, aliyeleta merikebu tano akaziongoza mwenyewe. Katika hotuba ya mjumbe Mgiriki anayepigana na Mgiriki hayupo. Huenda Athens, iliyomtoza Phrynichus faini, isingevumilia.

Mpaka hapa insha yangu ya zamani ingekuwa inashinda. Lakini subiri.

Orodha ya pili: visiwa

Mzimu ukishashuka, malkia akishaondoka, wazee wanaimba wimbo ambao wasomaji wengi huupita haraka. Mimi mwenyewe niliupita mara ya kwanza. Wanakumbuka enzi ya Darius na kutaja nchi alizozitawala bila hata kutoka nyumbani kwake. Lesbos. Samos. Chios. Paros. Naxos. Mykonos. Andros. Lemnos. Rhodes. Knidos. Miji ya Cyprus. Wanaimba kwa huzuni, kwa kuwa vyote hivyo vimepotea.

Sasa kaa kwenye kiti cha Mwathene mwaka 472 KK usikilize orodha hiyo. Vimepotea vikaenda wapi? Mwaka 478 au 477 KK Athens iliunda umoja wa miji ya baharini, wa kuendelea na vita dhidi ya Uajemi. Hazina ikawekwa katika kisiwa cha Delos, na makadirio ya mchango wa kwanza, anasema Thucydides, yalikuwa talanta 460 kwa mwaka. Kamanda ni Athens, wakusanyaji fedha ni Waathene. Kwa hiyo orodha ya vilivyotoka mkononi mwa Darius, kwa sehemu kubwa, ni orodha ya vilivyoingia mkononi mwa aliyekaa pale ukumbini akila zabibu kavu.

Na walishaanza. Herodotus anasema mara baada ya Salamis, damu haijakauka, Themistocles aliizingira Andros akidai fedha. Akawaambia watu wa kisiwa kwamba Athens imekuja na miungu wawili wakubwa, Ushawishi na Ulazima. Wakamjibu kwamba wao nao wana miungu wawili wasioondoka kisiwani, Umaskini na Kutojiweza, na kwa hiyo hawalipi. Paros, kwa hofu, ililipa.

Tuendelee na visiwa vya wimbo ule, kimoja kimoja. Naxos ilijaribu kutoka katika umoja, ikazingirwa na kutiishwa, ya kwanza miongoni mwa washirika. Samos iliasi mwaka 440 KK, ikapigwa mpaka ikasalimu amri. Mwaka 427 KK, baada ya maasi ya Mytilene katika kisiwa cha Lesbos, bunge la Athens lilipitisha wanaume wote wa mji wauawe. Kesho yake wakajuta, wakatuma merikebu ya pili kuiwahi ya kwanza. Mwaka 454 KK hazina ilikuwa imeshahamishwa kutoka Delos hadi Athens. Yote haya yalikuja baada ya tamthilia, Aeschylus hakuwa mpiga ramli. Lakini orodha aliiweka yeye, na aliiweka baada tu ya mzimu kusema kwamba Zeus ni mkaguzi mkali wa wanaojivuna kupita kiasi, na kwamba mwanadamu asidharau alichonacho akatamani cha wengine. Mzimu unawaambia wazee wa Susa. Wanaosikia ni watu wa Athens.

Kuna jambo moja zaidi, na hili si fasiri yangu, ni kumbukumbu iliyochongwa kwenye jiwe. Mdhamini wa Waajemi, aliyegharamia kwaya ya mwaka ule, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu anayeitwa Pericles. Ndiyo, Pericles huyo. Alisikiliza mazoezi, alisikia orodha ya visiwa ikiimbwa na kurudiwa, alilipia. Miaka 32 baadaye ndiye aliyeongoza merikebu dhidi ya Samos. Na aliposimamia ujenzi mkubwa wa mji, likajengwa jumba la muziki, Odeion, ubavuni mwa ukumbi uleule wa Dionysus. Plutarch anasema watu walisimulia kwamba paa lake liliigwa kutoka hema la Xerxes.

Nikifika hapo hoja ya "burudani ya washindi" inanitosha nusu tu. Ni kweli walifurahi. Ni kweli Mwajemi wa jukwaani ni wa kuchongwa. Lakini mtunzi aliyetaka tu kuwafurahisha asingewapa orodha ile. Aliwaonya watu wake kwa sura ya adui, na onyo likapita juu ya vichwa vyao, likampita hata mtu aliyelilipia. Hilo ndilo linaloniumiza katika kazi hii kuliko machozi ya Xerxes.

Mwisho wa tamthilia

Nimeona wahakiki wakilalamika kwamba mwisho ni mrefu na hauna tukio, na kwenye kikundi wawili walikiri waliruka kurasa. Xerxes anaingia na matambara yake. Wazee hawamsujudii. Wanamuuliza: yuko wapi fulani? Na fulani? Umewaacha wapi? Orodha ya kwanza inarudi, sasa kama mashtaka. Mfalme anajibu kwamba amewaacha, wamekufa kwenye miamba ya Salamis. Kisha mambo yanageuka, yeye anaanza kuongoza kilio na wao wanaitikia: pigeni vifua, ng'oeni ndevu, raruni nguo. Ukiisoma kimya kimya kwenye skrini ya simu, inachosha kweli. Tuliposoma kwa sauti, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, tuliitambua mara moja. Ni mbolezi. Haina tukio kwa sababu matanga hayana tukio. Watu wanakaa, wanataja majina, wanalia, wanakwenda zao.

Na kumbuka waliokuwa wakiitikia: wanakwaya walikuwa raia wa Athens. Huenda wengine wao walikuwa wapiga makasia Salamis. Walivaa nguo za Kiajemi, wakapiga vifua, wakawataja makamanda ambao pengine walishiriki kuwaua. Said anasema Aeschylus anakitwaa kinywa cha Mashariki na kusema kwa niaba yake. Ni kweli, na Uajemi haikuombwa ruhusa. Lakini kwa saa moja kinywa cha Athens nacho kilitwaliwa, kikalazimishwa kulia kilio kisicho chake. Sijui vita vingine vingi ambavyo washindi walifanyiwa hivyo na mwenzao miaka minane baada ya kushinda, nao wakakaa mpaka mwisho.

Kwa hiyo kisome. Ni kitabu kifupi, jioni moja kinakwisha. Tafsiri nilizozisoma ni za Kiingereza, na zinapishana sana: nyingine zinaukata ule mwisho kwa kuona aibu ya vilio vyake, kwa hiyo tafuta inayouacha mzima. Ungana na mwenzako msome kwa sauti. Na mkifika kwenye wimbo wa visiwa, msiupite.

Rafiki yangu wa kikundini hakukubaliana nami mpaka tunaagana. Alisema onyo ambalo hakuna aliyelisikia ni pambo tu. Nimeshindwa kumjibu vizuri, naendelea kufikiri. Wewe ungemjibu nini?